Datsun ya Mjomba na Shangingi la Shemeji

Mjomba ana Datsun 240Z. Shemeji ana Land Cruiser V8, gari ambalo Watanzania tunaliita shangingi. Mimi nina leseni tu, kwa hiyo mmoja wao akisafiri naachiwa ufunguo pamoja na masharti yake.

Datsun haifiki hata mita 1.3 kwenda juu. Kuingia si tabu, unajiachia tu. Kutoka ndiko kwenye shughuli. Nilimpeleka shangazi harusini Sinza, mama mwenye heshima zake na mwili wake. Mlango ukafunguliwa, mguu mmoja ukatoka na kiatu cha kung'aa, halafu kimya. Wapambe wawili wakamshika mikono, wakavuta. Mpiga video, akidhani bibi harusi amewasili, akawasha taa na kuja mbio. Mkanda huo upo, na shangazi hanisemeshi.

Mjomba hataniwi kuhusu gari hilo. Atakukumbusha kwamba mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda East African Safari Rally kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Sawa. Ila hii ya kwetu inashindwa na tuta la mtaani. Abiria anashuka, dereva anapita mshazari, na ekzosi inakwaruza vilevile. Siku moja vijana wa bajaji walichoka kupiga honi, wakaja dirishani: "Anko, tuinyanyue?" Nilidhani utani. Gari lenyewe ni tani moja na ushee, na walikuwa wameshashika bampa.

Shangingi tuta halilioni. Balaa lake ni ndugu. Viti ni vinane, na ukoo mzima unajua hesabu hiyo. Msiba ukitokea Bagamoyo, kabla sijaambiwa aliyefariki ni nani, nimeshapangiwa mabibi wanne, masufuria, gunia la mchele na turubai. Kwa kuwa mabibi hawaufikii mlango, tunatembea na mbuzi ya kukunia nazi ya kukanyagia, ambayo meno yake yameshachana soksi na pindo la baibui. Kamati hunichangia mafuta ya elfu kumi, kwa injini ya lita 4.5. Pale sheli mhudumu huitazama noti, akalitazama gari, kisha akanitazama mimi. Kusema kweli, kati ya magari haya mawili, linalonichosha ni lile lisiloharibika.

Na usithubutu kulipeleka Feri. "Mheshimiwa" ya kwanza ikishatamkwa, changu wa elfu kumi ni wa elfu ishirini na tano, na hata mlango hujafunga. Ndiyo maana samaki nawafuata kwa Datsun. Wauzaji wanaacha meza zao kuja kuchungulia, mzee mmoja anasimulia alivyoziona zikitimua vumbi enzi za Safari, na bei inashuka yenyewe kwa mapenzi. Tatizo, buti la 240Z halina ukuta, limeungana na viti. Maji ya pweza yakimwagika kule nyuma, unakwenda nayo mpaka nyumbani, na foleni ya jioni unaijua. Mjomba anatua Ijumaa. Ndimu za jirani nimeshazimaliza, leo nahamia kwenye karafuu na mkaa.