Gari la Michezo la Goma

Wazee wa Uingereza wakikutana, huikumbuka Lotus Seven ya 1957 kama mchumba aliyewaponyoka. Haina paa, haina milango, taa zimetokeza nje, ila nyepesi ajabu! Colin Chapman, aliyeibuni, alihubiri kupunguza uzito. Wengi waliinunua vipande vipande na kuiunga wenyewe, maana hivyo kodi ilipungua.

Poleni, wazee. Goma tumetupa paa, milango, taa na viti, kisha tukatupa na injini. Chukudu, kigari chetu cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ni mbao za mkaratusi, na magurudumu ni mbao vilevile, yamevikwa mpira wa tairi kuukuu. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kutoka Kibumba huteremka na mamia ya kilo za viazi kwa mwendo usioandikwa katika kitabu cha kiwanda, kwa kuwa hakuna kiwanda. Kupanda, injini ni dereva mwenyewe.

Mjini chukudu imepewa heshima zote: sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, katikati ya mzunguko wa barabara. Ile ya dhahabu haijawahi kukwama kwenye mawe ya lava ya mlipuko wa volkano wa 2002, wala kuombwa kitu kidogo kwenye kizuizi cha barabarani. Zile za mbao hupita chini yake zikipigiwa honi na Land Cruiser za mashirika, ambamo wageni wamekwisha kuinua simu wapige picha ya chombo adimu. Adimu! Nyuma yake zimepangana tatu, na ya nne inatafuta njia.