Namna ya Kupata Mtandao Bila Kupanda Kichuguu

Anza kwa kuitazama ramani ya kampuni yako ya simu, ile iliyopakwa rangi moja kutoka ziwani hadi baharini. Itazame vizuri, kisha ujue ilivyopatikana. Hakuna aliyepita kila kijiji na simu mkononi. Mhandisi aliiambia kompyuta mnara una urefu gani, unarusha kwa masafa yapi na mlima uko wapi, kompyuta ikakokotoa mawimbi yatafika wapi. Hesabu hiyo kwa kawaida humchukulia mwenye simu kuwa nje, mahali pa wazi. Wewe umekaa ndani ya nyumba ya bati, na bati huzuia mawimbi kwelikweli. Basi toka nje. Bibi anayepiga simu kwa sauti kubwa uani haoneshi ushamba, anaijua fizikia.

Uliza pia rangi ile ni ya nini. 2G na 4G kila moja ina eneo lake, na masafa ya chini, kama megahezi 900, hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri kuliko ya 1800. Ndiyo maana mahali fulani utatuma pesa kwa nyota na reli bila shida, huku picha ya WhatsApp ikizunguka tu hadi jioni.

Ukitajiwa asilimia, dai kujua: ya watu au ya ardhi? Watu wengi huishi mijini na kando ya barabara, hivyo minara michache inaweza kuwafikia wengi na pori likabaki kimya. Dereva aliyepasukiwa tairi katikati ya pori hilo amehesabiwa kuwa na mtandao, kwa sababu amehesabiwa nyumbani kwake.

Ramani za nPerf na Opensignal zinasaidia zaidi, kwa kuwa hutokana na vipimo vya simu za watu wenyewe. Upungufu wake ni kwamba pasipopita mwenye simu janja hapana kipimo. Hapo mtafute konda wa basi, bodaboda au mhudumu wa afya ya jamii. Usimuulize, "Mtandao upo?" Kwa heshima ya kwao atakujibu upo. Muulize, "Ukitaka kupiga simu sasa hivi, unasimama wapi?" Akikuonyesha kichuguu kilichosuguliwa na miguu hadi kikang'aa, umepata ramani isiyo na kosa, nayo inasema mnara uko mbali.

Jambo hili si la starehe. Nchini Tanzania, mjamzito anayehitaji usafiri wa dharura hupigiwa 115, namba ya huduma ya m-mama, bure. Simu hiyo haiwezi kupigwa kwa rangi ya ramani. Inataka mnara unaosikika usiku ule, kwenye nyumba ile.

Sasa mpakani. Ukiwa Rombo, Namanga au Horohoro, simu haioni bendera wala haipangi foleni uhamiaji. Mnara wa kwenu ukipotea, inajishika kwa jirani: jina la kampuni linabadilika, herufi R inaweza kutokea juu ya kioo, ujumbe wa kukukaribisha nchi ambayo hujaingia unafika, na salio linaanza kukatwa. Dawa ni kuzima rominga ya data kabla hujafika, kisha kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao wa nyumbani kwa mkono. Ukishavuka kweli, rudisha uchaguzi wa otomatiki. Usiporudisha, utafika Mombasa simu ingali inautafuta mnara wa Tanga.

Kabla ya safari ulizia bei tatu: kupiga, kupokea, na megabaiti moja. Watu husahau ya kupokea. Anayekupigia kutoka nyumbani hulipa kama uko nyumbani. Kipande cha kukufikisha ng'ambo kinaweza kuwa juu yako. Kampuni ya simu ya Celtel iliwahi kuondoa mzigo huo kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, na kuanzia 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zikaanza mpango wao wa kushusha bei za rominga, Tanzania ikiwa nje wakati huo. Kwa hiyo bei ya mwenzako aliyeenda Kampala akitokea Nairobi huenda isikuhusu wewe unayetokea Mwanza. Uliza ya laini yako.

Simu ikiandika "dharura tu", usiitupe mfukoni kwa hasira. Mara nyingi maana yake kuna mnara wa kampuni nyingine unaosikika, na 112 inaweza kupita humo.

Na pale ramani inaposema upo nawe huupati, andika: kijiji, kata, tarehe, saa, 2G au 4G. Ipelekee kampuni kwanza. Isipotengeneza, nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ukiwa huko. Nakala mpe diwani na mbunge, uwatajie Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa sababu ndio unaotoa ruzuku ya kujenga minara mahali ambapo kampuni hazioni faida. Wanakijiji wengine watie sahihi chini yako.