Kilemba cha Singasinga kwa Mtu Mwenye Haraka

Mpwa wangu, umealikwa harusi ya Masingasinga mjini Morogoro, umeahidi kwenda na kilemba, na hujawahi kufunga hata kitambaa cha jasho. Kaa hapa. Njia ndefu ya kujifunza huanza utotoni. Mimi nitakupa za mkato.

Kwanza, omba ruhusa. Hapa hakuna mkato. Tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa dini, alipoanzisha udugu wa Khalsa kule Anandpur, India, aliyeingia humo hakati nywele, na kilemba ndicho kinachozihifadhi. Mtu wa huku kwetu Kinole hahitaji kuelezwa sana. Hapa ni kwa Kingalu, chifu wa Waluguru, na tunajua jina na heshima vikitoka kichwa kimoja hutua kichwa kingine. Basi mwambie mwenyeji wako kwamba unataka kuwaheshimu kwa kuvaa kama wao. Mara nyingi atakutafutia mtu wa kukufunga. Akikutafutia, acha kusoma, kaa kwenye kiti, tulia.

Asipokutafutia, tafuta melimeli nyepesi ya mita 5 au 6. Usikubali kitenge, ukikizungusha mara sita shingo itaomba radhi. Chagua rangi inayong'aa, maana watu wakishakodolea macho kichwa hawashuki mpaka kwenye viatu. Umeokoa bei ya viatu vipya.

Kukunja kunataka watu wawili, kila mmoja ashike upande, mvutane mpaka kitambaa kinyooke, kisha mkikunje kwa urefu kiwe ukanda mwembamba. Huna mwenzio? Funga ncha kwenye kitasa cha mlango uvute peke yako. Wenyewe Masingasinga hufanya hivyo asubuhi za haraka. Ila usifunge kwenye mgomba: utomvu wake ukiingia kwenye melimeli, hautoki.

Sasa kichwa. Singasinga ana fundo la nywele utosini linaloshika umbo. Wewe umenyoa, kilemba kitateleza kama nanasi lililomenywa. Funga kwanza kitambaa kidogo cha pamba, kibane barabara, tena kiwe cha rangi nyingine, ili kipembe chake kichungulie kwenye paji la uso. Kipembe hicho kikikaa sawa, watu watadhani na mengine yamekaa sawa.

Bana ncha moja kwa meno na usiiachie. Ukisalimiwa, itika kwa kichwa. Zungusha, mara hii upande wa kulia uwe juu, mara inayofuata wa kushoto, kila tabaka lipande kidogo juu ya lililotangulia. Mbele fanya taratibu kama unasuka ukili. Nyuma usijichoshe: chomeka kilichopinda. Tabaka la mwisho litandaze utosini lifunike makosa yote, ndiyo kazi yake.

Lakini mkato mkuu uko Kenya. Mafundi Masingasinga wa Punjab walioletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901, wameacha wajukuu wenye mtindo wao wa kilemba: kimetiwa wanga, kimenyooka, ncha kali mbele. Mtindo huo walihama nao mpaka Uingereza. Uzuri wake ni kwamba kilemba kikikauka kinavuliwa kizima kama kofia na kuvaliwa tena kesho. Umenielewa? Funga siku moja, vaa wiki nzima! Wanga tunao: uji mwepesi wa muhogo, uchujwe usibaki na donge hata moja. Usikianike kilemba Kinole lakini. Ukungu wetu hautakuruhusu, utavaa kilemba kinachonata. Kaushia mjini.

Ukishindwa kabisa, usione haya. Kuna kitambaa kidogo kinachobana kichwa tu. Avtar Singh Sohal wa Kenya alicheza mpira wa magongo Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972, na hakuna aliyemdharau kwa udogo wa kitambaa. Kuna na njia ya chini zaidi: mlangoni mwa hekalu lao huwekwa vitambaa vya wageni. Chukua kimoja, funga kisogoni, ingia. Viatu viache nje, sigara na tumbaku ziache nyumbani. Chakula utapewa bure, mkiwa mmeketi chini mstari mmoja, tajiri na maskini. Usivue kilemba kwa sababu ya joto la pilau.

Mtu akikusifu, hata kama ni kilemba cha ukoka, kipokee. Kichwa kilichosifiwa hukaa wima, na kilemba kikikaa wima hakilegei.

Wakati wa kurudi usikivae kwenye bodaboda. Kofia ya pikipiki haiingii juu yake, na upepo wa mlimani utakivuruga hata kabla hujaiacha Bigwa nyuma. Kitie kwenye ndoo safi yenye mfuniko, ipakate mapajani, na umwambie dereva apunguze mwendo kwenye kona.