Jinsi ya Kujiibia Kompyuta Yako Mwenyewe

Wizi huu ufanywe Jumamosi asubuhi, watu wa nyumbani wakiwa bado kwenye chai, na usimwambie mtu. Chukua kompyuta. Chukua na chaja yake, kipanya, flashi iliyochomekwa ubavuni, na ile diski ya nje unayoiita bakapu, maana imelala kwenye begi lilelile la kompyuta, na mwizi hapekui begi akachagua: hubeba lote. Fungia vyote kabatini, ufunguo mpe jirani unayemwamini. Kisha rudi sebuleni, ukae kama mtu aliyeibiwa mpaka Jumapili jioni.

Mashauri ya kuweka nakala za akiba yamejaa kila mahali na hayasikilizwi, kwa sababu yanamtaka mtu aogope jambo ambalo halijamfika. Mwizi wa Jumamosi anakupa hasara yenyewe, kwa siku mbili, bila gharama yoyote. Na hasara hiyo ni ileile hata siku atakayekuja asipokuwa mwizi. Umeme hukatika ukarudi kwa kishindo. Mtoto humwaga chai ya maziwa juu ya kibodi. Diski ya kizamani ina sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Ikidondoka mezani mara moja inaweza kuwa imekwisha. Diski ya kisasa, SSD, haina kinachozunguka, lakini nayo hufa, na mara nyingi hufa bila hata kukohoa. Halafu kuna virusi vya kudai fidia. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100 ndani ya siku chache, za hospitali za Uingereza zikiwemo, vikidai malipo kwa bitcoin. Virusi vya namna hiyo vikiingia, diski ya nje iliyochomekwa muda wote hufungwa pamoja na kompyuta yenyewe.

Umeshaibiwa, sasa anza kuhitaji vitu. Dada anaomba picha za harusi yake atengeneze albamu. Mjomba anataka ile hati ya kiwanja uliyomskania. Kama unasoma, jiulize iko wapi sura ya tatu ya tasnifu, ile yenye masahihisho ya msimamizi. Kama una duka, jiulize nani anadaiwa shilingi ngapi. Kila unachokikosa kiandike kwenye karatasi, kwa mkono, pale unapokikosa. Usiiandae orodha hiyo kabla ya wizi, kwa sababu utaandika unavyodhani ni muhimu na kusahau sauti ya marehemu babu uliyoirekodi siku moja ukaiacha kwenye folda isiyo na jina. Karatasi ikikamilika utaona kwamba Windows haimo, Word haimo, wala zile sinema zilizojaza nusu ya diski. Vyote hivyo hupatikana tena. Kilichomo ni kazi ya mikono yenu na nyuso za watu wenu, na hicho ndicho cha kunakiliwa kwanza.

Jumamosi mchana utaanza kukimbia huku na huko.

Utakimbilia ile flashi nyingine, ya droo ya jikoni. Hapa lazima niseme wazi: flashi ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya chipsi kuku si flashi ya terabaiti 2. Ndani yake kuna chipu ya gigabaiti chache, iliyochezewa ili ijitangaze kuwa kubwa. Inapokea kila faili, inaonyesha majina yote, na siku unapofungua picha za mwishomwisho hukuti kitu. Mara nyingi hata muuzaji wa dukani hajui. Kabla ya kuiamini flashi yoyote mpya ijaribu kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Ni programu za bure zinazoijaza mpaka ukingoni kisha kusoma tena kila zilichokiandika. Inachukua muda. Iache ifanye kazi usiku.

Utakimbilia kundi la familia la WhatsApp. Picha zipo, lakini zilipotumwa zilipunguzwa: kwenye simu zinapendeza, ukizichapa kubwa za kutundika ukutani zinakuwa ukungu. Picha ya maana itumwe kama hati, ndipo inafika nzima.

Utakimbilia wingu, na hapo nataka tukae kidogo. Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yao ya kwanza ni kulinganisha. Ulichokifuta huku kinafutwa na kule. Faili iliyoharibiwa na virusi inapandishwa ikiwa imeharibika. Kapu la taka la Google Drive huishika faili kwa siku 30, na anayegundua hasara siku ya 40 amechelewa. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15 kwa Google, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na faili zako, na 5 kwa OneDrive. Zikijaa, upandishaji unasimama, na ujumbe wa kukuarifu ni ule unaoufunga kila asubuhi bila kuusoma. Wingu nalo lina ardhi yake. Machi 2021 jengo la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wateja ambao nakala zao zote zilikuwa humo walizikosa zote. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Faili zilizokuwa winguni zilikuwa salama, ila kuzifikia kulikuwa kwa taabu. Na kuna swali dogo ambalo Jumamosi hii italijibu: nenosiri la akaunti yako liko wapi? Kwa wengi limehifadhiwa ndani ya kompyuta, nayo kompyuta iko kabatini, na ufunguo uko kwa jirani.

Silisemi wingu ili ulikimbie. Litumie, lakini lisiwe peke yake.

Jioni ya Jumamosi wasimulie watoto kisa cha Toy Story 2. Mwaka 1998 studio ya Pixar ilikuwa katikati ya kuitengeneza filamu hiyo pale amri moja ya kufuta ilipoanza kula faili zake kwenye seva. Wahusika vipenzi vya watoto wakawa wanatoweka huku watu wanatazama. Nakala za akiba zilikuwepo. Mashine ya kunakili ilikuwa ikifanya kazi kama kawaida. Zilipofunguliwa zikaonekana na kasoro ambazo hakuna aliyekuwa amezitambua. Kilichoiokoa kazi ni kwamba Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, alikuwa amejifungua, akawa anafanyia kazi nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa na kompyuta yenye nakala ya filamu. Waliifunika mablanketi, wakaifunga mkanda kwenye kiti cha gari, wakaiendesha taratibu hadi studio. Pixar walikuwa na nakala. Hawakuwa wamezijaribu. Mtoto akikuuliza sisi ya kwetu tumeijaribu lini, usimjibu harakaharaka.

Mpango unaofaa nyumbani ni wa zamani kidogo na bado haujapata mshindani. Ulienezwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005 kwa wapiga picha wenzake: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati yake ikae mbali. Ya kwanza ni hiyo iliyo kwenye kompyuta. Ya pili ni diski ya nje, isiyolala kwenye begi la kompyuta, inayochomekwa jioni moja kila wiki kisha ikachomolewa na kurudishwa mahali pake. Windows ina File History, Mac ina Time Machine tangu 2007. Ziwashe, basi.

Ya tatu ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu wanaambiwa waipandishe winguni. Tupige hesabu. Picha na video za familia za gigabaiti 200, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, zinahitaji karibu saa 89 mfululizo, usiku na mchana, umeme usikatike na bando lisiishe. Diski iliyo ndani ya mkoba wa shangazi anayerudi Morogoro inafika kabla ya magharibi. Kwa hiyo nunua diski mbili. Moja ikae kwa shangazi, nyingine kwako, na zibadilishane kila mnapotembeleana, Idi, Krismasi, misiba na harusi. Ukoo wowote wa huku una safari za kutosha. Kabla ya kumkabidhi, ifunge kwa usimbaji. VeraCrypt ni ya bure. Si kwamba humwamini shangazi, ila mkoba husahaulika kwenye basi. Faili ndogo na za lazima, kama tasnifu, hati na daftari la madeni, hizo zipande winguni kila siku; ni nyepesi.

Nakuja sasa kwenye siku ambayo wizi si wa mchezo, umefuta folda kweli au diski imegoma, na nakala huna. Saa ya kwanza ndiyo yenye uzito wote.

Ukifuta faili, kompyuta haigusi kilichomo. Inafuta anwani tu na kutangaza kwamba kiwanja kiko wazi. Nyumba bado imesimama mpaka mwingine apewe ramani ajenge juu yake. Kila utakachofanya baada ya hapo ni ujenzi: kufungua kurasa za intaneti, kutazama video za kujifunza namna ya kuokoa faili, na kubwa kuliko yote, kupakua programu ya kuokolea kwenye diski ileile iliyopoteza. Kwa hiyo tazama kwanza kapu la taka. Kama faili haimo, zima kompyuta, utafute kompyuta nyingine ya kuiokolea diski hiyo. Kwenye SSD bahati ni ndogo zaidi, kwa kuwa kompyuta huiarifu diski kwa amri iitwayo TRIM kwamba sehemu fulani hazihitajiki, nayo huzisafisha yenyewe, pengine ndani ya dakika chache. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyeokoa faili zake mwaka 2010 anaweza kukupa matumaini ambayo diski yako ya leo haiwezi kuyatimiza.

Kadi ya kamera au flashi ikikuambia inataka kufomatiwa kabla ya kutumika, jibu ni hapana. Itoe, uichomeke kwenye kompyuta yenye PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. Haijali orodha ya faili iliyoharibika. Inapita kwenye diski kipande kwa kipande ikitambua picha, hati na video kwa alama zinazoanza nazo. Majina ya faili huwa yamepotea, hivyo utapata maelfu ya picha zenye namba tupu, na zitahitaji mikono ya familia nzima kuzipanga. Zihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ile unayoiokoa.

Ukisikia diski inagonga, tak-tak-tak, ikate umeme papo hapo. Usiiwashe mara ya pili kuhakikisha. Usiiweke kwenye friji. Kuna watu bado wanafundishana hivyo, na unyevu unaoganda juu ya sahani unamaliza kilichobaki. Mfuniko wake usifunguliwe kwenye banda la fundi, kwa kuwa chembe moja ya vumbi ni kubwa mara nyingi kuliko ile nafasi ya nanomita niliyoitaja. Kazi hiyo ina vyumba vyake maalumu na ni ghali. Uamuzi wa kulipa au kukubali hasara fanya ukiwa umetulia, siyo diski ikiwa mkononi.

Na fundi. Mafundi wetu wana mikono mizuri, na laptopu nyingi mjini zinaishi kwa sababu yao. Lakini tiba ya kwanza ya banda ni kupiga Windows, na kupiga Windows juu ya diski iliyopoteza data ni kumwaga zege. Mwambie kabla hujamkabidhi, ikibidi mwandikie kwenye karatasi uibandike juu ya mfuniko: usipige Windows, usifomati, toa diski kwanza unakili yote iliyomo. Fundi mzuri hataona umemdharau.

Jumapili jioni kachukue ufunguo. Kompyuta ikirudi usianze kuitumia. Chagua vitu vitano kutoka kwenye karatasi yako, uvirejeshe kutoka kwenye diski ya akiba na kuvifungua kimoja kimoja. Kuona jina la faili hakutoshi. Picha uione, sauti uisikilize, jedwali ulihesabu.

Baada ya miezi mitatu ibeni tena, ila safari hii anayeibwa ni wewe. Kompyuta ibaki mezani, nawe uwe kama mtu aliyesafiri asiyepatikana kwa simu, na mke au mume au mwanao mkubwa atafute hati ya kiwanja na picha za harusi bila msaada wako. Laptopu nyingi za Windows 11 hujisimba zenyewe, ufunguo wake wa tarakimu 48 ukiwa kwenye akaunti ya Microsoft, nayo akaunti inataka msimbo unaotumwa kwa simu uliyoondoka nayo. Tarakimu hizo zote 48, nenosiri la VeraCrypt na la barua pepe, viandikwe kwa kalamu na kutiwa kwenye bahasha inayokaa na vyeti vya kuzaliwa. Wewe kaa pembeni, usiwaelekeze. Wakikwama, andika walipokwamia, na bahasha irekebishwe jioni hiyohiyo.