C ya Kiswahili

Jana karani wa chuo kikuu kimoja cha California alisoma kwa sauti, mbele ya foleni ya vijana wa miaka 18 waliovaa kandambili, kwamba darasa la sita nilipata C ya Kiswahili. Kiingereza, akaongeza kwa furaha, nilipata A.

Hapa lazima nieleze, maana mtambo wenyewe unavutia. Anayetoka chuo cha jamii cha miaka miwili kwenda chuo kikuu habebi tu masomo yake akaondoka. Kila somo hutafutiwa pacha wake upande wa pili, na California ina tovuti nzima ya kuonyesha mapacha hao, ASSIST, ambayo nimekesha nayo kuliko nilivyowahi kukesha na mtu. Halafu, kwa sisi tulioanza chuo cha jamii kabla ya vuli ya 2025, kuna orodha ya masomo ya msingi iitwayo IGETC. Kwa anayekwenda Chuo Kikuu cha California, ndani yake kuna sharti la kujua lugha isiyo Kiingereza. Njia mojawapo ya kulitimiza: uwe umesoma miaka miwili, kuanzia darasa la sita kwenda juu, katika shule isiyofundisha kwa Kiingereza, na alama zisipungue C.

Hesabu mwenyewe. Enzi zetu Tanzania msingi ilikuwa Kiswahili hadi la saba, sekondari Kiingereza. La sita, la saba: miaka miwili, bila muhula wa ziada. Aliyetunga kanuni hii hajawahi kusikia Kilosa kwetu, lakini alinipima kama fundi cherehani.

Basi mama akafungua sanduku la bati, akachimba chini ya vitenge na kadi za michango ya harusi za watu waliokwisha kuachana, akazipata ripoti zangu za la sita na la saba, maana chuo kilitaka ushahidi. Picha ya WhatsApp ikakataliwa. Ripoti halisi zikasafirishwa kwa pesa ambayo ingenunua mbuzi. Zilipofika, karani akagundua kwamba zimeandikwa kwa Kiswahili. Zitafsiriwe, na mtafsiri anayetambulika. Nikajitolea. Hapana, wewe ni mwenye maslahi. Nikamlipa mtu asiyenijua athibitishe kwa Kiingereza kwamba najua Kiswahili, na kazi yake aliifanya kwa uaminifu wa kuudhi: akatafsiri hata maoni ya mwalimu wa darasa, kwamba mtoto huyu anaongea mno darasani. Anaongea kwa lugha gani, hakusema. Ushahidi mzito kuliko wote, na kwenye fomu hauna kisanduku.

C ikatosha.

Masomo mengine yalikwenda upesi. Uniti zangu 60 za mihula zikageuzwa 90 za robo mwaka, nikajiona tajiri hadi nilipoambiwa kila mtu huzidishiwa. Somo la takwimu lilikubaliwa, ila halihesabiki kwenye fani yangu. Kukubaliwa na kuhesabika, kumbe, ni madirisha mawili tofauti.

Na hapo ndipo kicheko kinapokauka. Somo lile nililisoma usiku, nikitoka zamu ya kutunza wazee, nikisinzia juu ya mkengeuko sanifu. Chuo cha jamii hutoza mkazi wa California dola 46 kwa uniti. Sasa natakiwa kulirudia kwa bei ya chuo kikuu, kwa kitabu kilekile, toleo jipya. Wala si mkosi wangu peke yangu: mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwamba wanaohama vyuo hupoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Neno "hupoteza" linanikera, utadhani tuliziangusha njiani. Vyuo vyote viwili hulipwa. Anayelipa mara mbili ni mmoja, na ndiye anayeambiwa apange foleni upya.

Kitambulisho changu cha chuo kikuu kimetoka na nusu ya jina la ukoo. Maegesho ya magari sitaki hata kuyazungumzia.

Mama kapiga simu kuuliza kama watahitaji na cheti cha ubatizo, maana anataka kulifunga sanduku. Nimemwambia aliache wazi.