Core i7 Inayosaga Sembe

Juzi mchana, mbele ya darasa zima na mhadhiri mwenye njaa, kompyuta yangu ilianza kusaga. Nilikuwa kwenye slaidi ya pili. Feni ilianza kwa mguno, ikapandisha sauti, halafu ikashika ungurumo kamili wa mashine ya sembe kule Igoma, Mwanza. Mhadhiri akavua miwani. "Kijana, hapo unakoboa au unasaga?" Sijafungua mdomo, ukuta ukawa mweusi. Imejizima. Watu walicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani, nao wakasimuliwa tangu mwanzo, mimi nimesimama pale pale na rimoti ya projekta mkononi.

Sasa nimeshabatizwa. Jana kantini binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinipigia goti kwa adabu zote: "Shikamoo Mwenye Mashine, pumba zipo?" Leo asubuhi mama ntilie naye kaniuliza gunia nauzaje, maana ana kuku. Huyu hakuwa anatania.

Muuzaji kule mjini hakunidanganya, na hapo ndipo utamu wa biashara hii ulipo. Alikigonga kibandiko kwa ukucha: "Mdogo wangu, i7 hii. Wenzako wanahangaika na i5." Ni i7 kweli, i7-2620M. Watu wanaisoma ile saba wanaridhika, kumbe siri imo kwenye tarakimu inayofuata kistari. Hiyo ndiyo inayotaja kizazi, ila kuanzia kizazi cha 10 tarakimu zinakuwa mbili. Kizazi cha 2 kilitoka mwaka 2011. i3-8130U ya mwaka 2018, i3 ile ile inayodharauliwa, inaipita mbio huku ikila wati 15, wakati mzee wangu anakula 35. Herufi ya mwisho nayo ina neno lake: U haina makuu na umeme, H ni ya wacheza gemu na chaja zao za kubebwa kwa mikono miwili.

Wati hizo zote mwisho wake ni joto. Kati ya prosesa na bomba la shaba hupakwa pesti nyembamba ya kijivu, kazi yake kuziba vinyufa visivyoonekana kwa macho, maana hewa ikikaa humo joto halipiti. Miaka ikienda, pesti hukauka ikawa unga. Feni inaongeza kasi. Ikishindwa, prosesa inapunguza mwendo wake yenyewe. Joto likizidi hata hapo, inajizima isiungue. Kwa hiyo kilichotokea kwenye slaidi ya pili kilikuwa hekima. Nilijaribu kumweleza mhadhiri hivyo, akaniambia niketi.

Fundi alipoifungua alikuta wale wadudu wanaoinuka ziwani kwa mawingu wamejazana kwenye mapezi ya shaba, wamekaukia humo. Ndiyo sababu ikipata moto chumba kinanukia dagaa.

Gemu nazo zina kisa chake. Kwenye PES 2013 mshambuliaji wangu alikuwa anafika golini kwa awamu. Kompyuta nyingi za bei yetu hazina kadi ya grafiki. Grafiki imo ndani ya prosesa, na kumbukumbu inakopa kwenye RAM. RAM ikiwa kipande kimoja cha GB 8, data inapita njia moja. Weka viwili vya GB 4, njia zinakuwa mbili, na gemu inachangamka ingawa jumla ni ile ile! Nilimwamsha mwenzangu wa chumbani nimweleze. Alijifunika shuka.

Betri ni pambo. Kibodi imetoka nchi ya Kifaransa, ila kompyuta inaisoma kama ya Kiingereza, hivyo nikifuata herufi zilizochorwa, Mwanza inatoka :zqnwq, na ndivyo ilivyosomeka kwenye jalada la asaimenti.

Lakini kuna jambo moja sicheki nalo. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021 ilitaka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 ikaachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo EliteBook, Latitude na ThinkPad za kizazi cha 6, nzima kabisa, zinaondolewa kwenye maofisi ya watu na kuletwa kwetu zikiwa zimeshakatiwa masasisho ya kawaida ya usalama. Hapa zinaitwa "used ya Ulaya" na bei haipungui. Kwa boom ya mkopo wa chuo ya 10,000 kwa siku, kompyuta ya laki nne na nusu ni chakula cha mwezi na nusu. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe anayenunua kompyuta yake ya kwanza atajuaje? Akiuliza kizazi anaitwa mjuaji, asipouliza anapewa risiti iliyoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kibandiko kinang'aa, na anayekisoma kwa niaba yake ndiye anayeuza.

Basi ukienda, tafuta i5 ya kizazi cha 8 kwenda juu, SSD, RAM vipande viwili. Nenda na gemu yako kwenye flashi, icheze dukani nusu saa, kiganja kikiwa kwenye tundu la hewa. Muuzaji akilalamika kwamba unammalizia umeme, mwambie LUKU ya buku unalipa wewe.