Ukarimu wa Wasiotujua

Hapana shaka kwamba zama zetu ni zama za ihsani, kwani hakupambazuki ila sanduku la barua pepe limekwisha kujaa mirathi ya marehemu tusiowajua, dawa za maradhi tusiyonayo, na salamu za mabenki ambayo, ijapokuwa hatuna akaunti kwao, yanahangaikia usalama wa fedha zetu. Mnamo tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuza kompyuta wa Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo wasiloliomba; alikemewa, lakini mwenyewe husimulia kwamba aliuza. Siri yote ndiyo hiyo, maana kupeleka barua milioni moja karibu hakugharimu kitu, na akipatikana mjinga mmoja, faida imeingia. Bill Gates alibashiri mwaka 2004 kwamba balaa hili la barua taka lingekwisha baada ya miaka miwili; tungali tunasubiri.

Nasi adabu zetu zatuponza: laghai akibisha hodi twaona haya kunyamaza, basi twamjibu kwa upole asirudi tena, naye, akiisha kujua kwamba nyumba ina mtu, aweza kuiuza anwani yetu kwa wenziwe. Duka halali ulikojiandikisha mwenyewe waweza kuliaga kwa kujiondoa katika orodha yake. Laghai hastahili hata laana; barua yake hutiwa alama ya taka ili mchujo wa barua pepe umtambue yeye na jamaa zake. Na wale wa bahati nasibu wanaodai anwani yetu wapewe anwani ya akiba, wakabidhiane huko mapenzi yao.